UZI: Maji ya mvua mgodini na mabwawa ya kutuamisha tope, kabla vuli haijatukuta

#1. Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Kwa miaka kadhaa nimesimamia mitaro na mabwawa ya maji ya mvua katika mgodi mmoja wa dhahabu wa Kanda ya Ziwa, na kila mwezi wa Agosti unapoingia, vuli ikianza kunukia, wenzangu wa migodi mingine hunipigia simu na swali lile lile: bwawa la kutuamisha tope lichimbwe kina cha mita ngapi? Nimekuwa nikilijibu vipande vipande, na sasa nimeona afadhali niandike mara moja kwa kirefu, kwa kuwa swali lenyewe linaanzia mwishoni. Kabla ya kuuliza kina, tuulize ni maji gani yanayoruhusiwa kufika bwawani, kisha uso wa bwawa una ukubwa gani. Kina hufuata baadaye, tena kwa sababu tofauti na ile ambayo wengi wanaidhania.

Nianze kwa kutenganisha mabwawa mawili ambayo hata baadhi ya viongozi wa migodi huyachanganya. Bwawa la topesumu hupokea mabaki kutoka kiwandani baada ya mawe kusagwa na dhahabu kuchenjuliwa. Lina sayanidi (kemikali ya sumu ya kuchenjulia dhahabu) na metali, na kazi yake ni kuzuia. Bwawa la kutuamisha tope hupokea maji ya mvua yaliyopita juu ya barabara za malori, malundo ya mwamba taka na udongo wa juu uliokwanguliwa. Kazi yake ni kuyapunguzia maji mwendo ili chembe zizame, kisha yaachiwe yaende zake. Ukiyatumia kwa kubadilishana, hata kwa muda, unajitafutia balaa.

Mifano ipo. Tarehe 22 Februari 1994, katika kitongoji cha Merriespruit nchini Afrika Kusini, mvua kubwa ya jioni ilinyesha juu ya lundo la mabaki ya dhahabu lenye kimo cha mita 31, ambalo juu yake tayari palikuwa na maji yaliyohifadhiwa na nafasi ya akiba ilikuwa imekwisha. Maji yalipita juu ya ukingo, ukingo ukalika, na kiasi cha mita za ujazo 600,000 za tope zikashuka kwenye nyumba za watu. Watu 17 walifariki. Miaka sita baadaye, tarehe 30 Januari 2000, huko Baia Mare nchini Romania, mvua na theluji iliyoyeyuka vilijaza bwawa la mabaki lililosanifiwa kama mzunguko uliofungwa, yaani maji yalitakiwa kurudi kiwandani daima na hapakuwa na mahali palipoandaliwa kwa maji ya ziada. Takriban mita za ujazo 100,000 za maji yenye sayanidi zilimwagika hadi Mto Tisza na kisha Danube. Katika visa vyote viwili, kilichokosekana ni hesabu ya maji ya mbinguni.

Sasa turudi kwenye swali la maji gani yafike bwawani. Chukulia mgodi ulio kwenye mteremko wa kilima: juu yake kuna hekta 40 za vichaka na majani ambazo hazijaguswa, na mgodi wenyewe umekwangua hekta 10. Ikinyesha mvua ya milimita 50, ardhi iliyokwanguliwa na kushindiliwa inaweza kutiririsha kama asilimia 60 ya mvua hiyo, yaani mita za ujazo 3,000. Ardhi yenye majani itatiririsha kidogo zaidi kwa kila hekta, tuseme asilimia 30, lakini kwa kuwa ni kubwa mara nne itatoa mita za ujazo 6,000. Ukiyaacha yote yashuke mgodini, bwawa litapokea mita za ujazo 9,000, na theluthi mbili ya maji hayo yalikuwa masafi mpaka ulipoyaruhusu yakanyage udongo wako. Mtaro mmoja wa kukinga, uliochimbwa juu ya mgodi kwa kufuata kontua (mstari wa kimo kimoja), wenye mteremko mdogo na mawe sehemu zenye kasi, unalipunguzia bwawa mzigo huo wote. Mtaro huo ni rahisi kuliko bwawa jipya, na siku ya gharika haudai umeme wala pampu.

Kuhusu uso wa bwawa, kuna kanuni ya fizikia inayoitwa kanuni ya Stokes, na wala haihitaji shahada kuielewa. Chembe ya mchanga mwembamba yenye kipenyo cha milimita 0.1 huzama karibu milimita 9 kwa sekunde. Ukipunguza kipenyo mara kumi, mwendo wa kuzama hupungua mara mia moja, hivyo chembe ya milimita 0.01 huzama kama sentimita 30 tu kwa saa nzima. Chembe ya udongo wa mfinyanzi ya milimita 0.002 huhitaji karibu siku nzima kuzama sentimita hizo hizo 30, tena katika maji yaliyotulia kabisa. Asiyeamini achote maji ya mtaroni wakati wa mvua kwa chupa ya lita moja na nusu, aiweke mezani: mchanga utakuwa chini kabla hajakaa kitini, mchangatope utashuka kwa saa chache, na kesho asubuhi bado atayaona maji yana wekundu.

Maana yake kwa msanifu ni hii. Chembe hukamatwa iwapo inazama haraka kuliko maji yanavyojaza uso wa bwawa, kwa hiyo gawanya kiasi cha maji yanayoingia kwa sekunde kwa mwendo wa kuzama wa chembe unayotaka kuikamata, na utapata eneo la uso. Kwa mtiririko wa lita 500 kwa sekunde na chembe ya milimita 0.02, unahitaji takriban mita za mraba 1,400, na mwenye busara ataongeza kidogo. Kwa mtiririko huo huo na chembe ya mfinyanzi ya milimita 0.002, unahitaji hekta 14, ambazo ni karibu viwanja 20 vya mpira. Kina hakimo kwenye hesabu hiyo. Kina kinakupa mahali pa kuweka tope lililokwisha kuzama, na kinalizuia lisitibuliwe na maji yanayofuata.

Halafu kuna umbo. Nilirithi bwawa la mita za ujazo 3,000 ambalo bomba la kutolea lilikuwa upande ule ule wa mfereji wa kuingizia, kwa sababu aliyelichimba alitaka kuokoa mabomba. Kwa mtiririko wa lita 100 kwa sekunde, karatasi ilisema maji yatakaa zaidi ya saa nane. Siku moja ya mvua nikanunua machungwa, nikatupa kumi na mawili pale maji yanapoingilia, na la kwanza likafika kwenye bomba la kutolea kabla dakika arobaini hazijatimia. (Yaliyobaki kwenye mfuko vijana waliyala, na sikuwa na hoja ya kuwazuia.) Chungwa huelea na husukumwa na upepo, hivyo si kipimo cha maabara, lakini lilitosha kuonyesha kwamba nusu ya bwawa ilikuwa imelala bure. Tulijenga ukuta wa viroba vya mchanga katikati ili kuyazungusha maji. Bwawa jipya lipe urefu usiopungua mara tatu ya upana, na maji yaingie yametandazwa kwenye upana wote.

La mwisho katika ujumbe huu ni utoro wa maji, yaani njia ya kutokea maji yanayozidi bwawa. Kila bwawa lenye tuta lazima liwe na utoro uliojengwa kwa mawe au zege kwenye udongo wa asili, pembeni mwa tuta, uliopimwa kwa mvua kubwa kuliko ile iliyotumika kupima bwawa. Bwawa la kutuamisha tope linaruhusiwa kuzidiwa na mvua inayokuja mara moja kwa miaka mingi, haliruhusiwi kupasuka.

#2. Mchangiaji, mchimbaji mdogo, Geita

Asante sana mkuu kwa maelezo haya. Mimi ni mmiliki mwenza wa leseni ndogo. Tuna maduara (mashimo ya kuchimbia) manne na mwalo mmoja, yaani sehemu ya kuoshea, na hatuna mhandisi. Kukodi kijiko (mashine ya kuchimbia) kwa siku ni gharama inayotufanya tukae kikao. Zaidi ya hapo, kwetu tope halitupwi, kwa sababu marudio (mabaki ya kuoshea) yana thamani na wapo wanunuzi wanaoyapeleka kwenye plenti (mitambo) za sayanidi. Je, haya ya hekta na lita kwa sekunde yanatuhusu vipi sisi?

#3. Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, yanakuhusu, na pengine kwako ni mepesi kuyatekeleza kwa kuwa eneo lako ni dogo. Anza na maduara. Kuzunguka mdomo wa kila duara inua tuta la udongo ulioshindiliwa, na juu ya mteremko chimba mtaro wa kuyapeleka maji pembeni. Hili ni la uhai kabla halijawa la mazingira: mwezi Machi 2008 kule Mererani maji ya mvua yaliingia kwenye mashimo ya tanzanite na kuua wachimbaji zaidi ya 60, na mwezi Januari 2024 kifusi kilichoporomoka baada ya mvua katika machimbo ya Ng'alita, wilayani Bariadi, kiliua watu 22. Mvua ikianza, watu watoke kwanza. Mtaro unasaidia lakini haumbadilishii mtu hesabu ya muda wa kupanda kamba.

Kuhusu mwalo, jambo la kwanza ni kuutenga kabisa na maji ya mvua. Kama mnatumia zebaki, fahamuni kwamba hujishikiza kwenye chembe nyembamba za tope, na hizo ndizo zinazokataa kuzama na ndizo zinazosafiri mbali kuliko zote. Shimo la kuoshea litandikwe plastiki nzito, liwe na kingo zilizoinuliwa ili maji ya nje yasiingie, liwe na nafasi ya kupokea mvua inayoanguka juu yake moja kwa moja, na maji yake yarudishwe kuoshea. Marudio nayo msiyalundike pembezoni mwa korongo yakisubiri mnunuzi. Mvua moja inaweza kuwanyang'anya mali na kumpelekea jirani sumu. Yawekeni juu, yafunikeni, yazungushieni tuta.

Kwa maji ya mvua ya eneo lililobaki, mashimo matatu yanayofuatana hutosha badala ya bwawa moja kubwa: la kwanza dogo, linalofikika kwa koleo na toroli, la kukamata mchanga, la pili na la tatu mapana na yasiyo na kina kirefu. Kwenye mitaro yenye mteremko mkali pangeni vizuizi vya mawe kila baada ya hatua kadhaa, sehemu ya kati ikiwa chini kuliko pembeni, la sivyo maji yatazunguka ubavuni na kuchimba korongo jipya. Pembezoni pandeni majani ya vetiva. Na yote haya yawe zaidi ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya umbali huo.

#4. Mchangiaji, mhandisi wa maji

Nimesoma kwa makini na ninakubaliana na sehemu kubwa, lakini naona mwanzisha uzi ameiacha njia panda hoja yake mwenyewe. Amethibitisha kwa hesabu kwamba mfinyanzi unahitaji hekta 14, kisha akahamia kwenye machungwa. Udongo mwekundu wa kanda hii una mfinyanzi mwingi, na hakuna mgodi utakaopewa viwanja 20 vya mpira kwa ajili ya bwawa la maji ya mvua. Hapo jibu ni dawa ya kugandisha tope. Shabu imetumika kusafisha maji kwa karne nyingi, na polima za kisasa huunganisha chembe ndogo kuwa mabonge yanayozama kwa dakika chache. Kuandika kirefu kuhusu mitaro bila kuitaja dawa ni kumwacha msomaji nusu ya safari.

#5. Mwanzisha uzi

Mkuu, nakubali kosa la kuiruka, na nakushukuru. Sababu ya kuichelewesha ni kwamba nimeona migodi ikikimbilia dawa ili isichimbe mitaro, na matokeo yake wakatibu theluthi mbili ya maji ambayo hayakuwa na ugonjwa.

Kwa wanaotaka kuitumia, niongeze mambo manne ya uzoefu. Kwanza, dozi hupimwa kwa ndoo au chupa kadhaa za maji ya mtaro wenyewe siku ya mvua, kila moja ikipewa kiasi tofauti, na hushindwi kuona kwa macho ni ipi iliyotangulia kusafika. Dozi ya mgodi wa jirani haikuhusu. Pili, shabu hushusha pH (kipimo cha uchachu wa maji), na maji yakishakuwa na uchachu alumini yake hubaki imeyeyuka ndani ya maji na kudhuru samaki, kwa hiyo chokaa iwe karibu na kipimo kiwe mkononi. Tatu, kwenye polima chagueni zenye chaji hasi pale zinapofanya kazi, kwa sababu zile zenye chaji chanya hushika kwenye matamvua ya samaki. Nne, dawa huwekwa mtaroni, mahali maji yanapojipiga kwenye mawe na kuchanganyika, kisha mabonge yakazame bwawani. Ukiimwaga katikati ya bwawa lililotulia, utapata kisiwa cha utando na maji mekundu pande zote.

Linabaki suala la nani atakuwapo. Mvua kubwa za ziwani hupenda kuja usiku na alfajiri, umeme ukiwa umekatika na mlinzi akiwa amejikunyata kibandani. Mfumo wa dawa unaotegemea pampu na mtu aliye macho saa tisa usiku una udhaifu ambao mtaro hauna. Nikiwa na fedha ya kitu kimoja, nachimba mtaro wa kukinga. Nikiwa na fedha ya viwili, naongeza uso wa bwawa. Dawa ni ya tatu.

#6. Mchangiaji, mkulima

Samahani kuingilia wataalamu. Sisi tuko chini ya mgodi, na mto wetu huwa mwekundu kila mvua ikinyesha. Tukilalamika tunaambiwa ni mashamba yetu wenyewe na ng'ombe. Mwananchi wa kawaida atajuaje ukweli?

#7. Mwanzisha uzi

Hujaingilia, mzee wangu. Uzi huu ni wako kuliko wetu. Inawezekana wanayokuambia ni kweli, na inawezekana si kweli, na rangi peke yake haiamui. Kinachoamua ni sampuli mbili zilizochotwa saa ile ile: moja juu ya mahali maji ya mgodi yanapoingilia mtoni, nyingine chini yake. Kama ya juu nayo ni nyekundu sawasawa, basi mashamba na mifugo wana sehemu yao. Kama ya juu ni afadhali mno, mgodi una la kujibu. Sampuli ichotwe mvua ikiendelea, hasa mwanzoni mwa msimu, kwa sababu mvua za kwanza hufagia vumbi na udongo wote uliolegea wakati wa kiangazi. Iliyochotwa Jumatatu asubuhi jua likiwaka haitakueleza kitu. Viwango vya Tanzania vya mwaka 2007 vinataka maji yanayoachiwa yasizidi miligramu 100 za chembe zinazoelea kwa lita, na miongozo ya migodi ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), lililo chini ya Benki ya Dunia, inataka 50. Malalamiko yapelekwe NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, na ofisi ya bonde la maji, yakiwa na tarehe, saa na mahali, na ikiwezekana serikali ya kijiji ishuhudie uchotaji.

Niongeze jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Maji mekundu yanatisha macho, lakini yapo maji ya mgodini yanayong'aa kama kioo na ni mabaya zaidi. Mwamba wenye salfaidi (madini yenye salfa) ukipata hewa na mvua hutengeneza tindikali, tindikali huyeyusha metali, na bwawa la kutuamisha tope haliwezi kukamata kitu kilichokwisha kuyeyuka. Mwezi Mei 2009 maji yenye tindikali kutoka eneo la mgodi wa North Mara yalivuja hadi Mto Tigithe, na wananchi wa Tarime wanaukumbuka mjadala uliofuata. Mkiona kingo za kijito zimepakwa rangi ya chungwa kama kutu huku maji yakiwa maangavu bila konokono wala viluwiluwi, msiyanywe na msinyweshe mifugo. Ombeni yapimwe pH na metali, wala msiridhike na kipimo cha tope peke yake. Kwa mgodi wenyewe, dawa yake ni kuutenga mwamba wa aina hiyo tangu unapochimbwa na kuufunika, na maji yake yapelekwe kwenye bwawa lililotandikwa plastiki.

#8. Mchangiaji

Mkuu, tope litolewe lini, na likishatolewa liende wapi? Kwetu bwawa limejaa mpaka mbuzi wanavuka.

#9. Mwanzisha uzi

Kama mbuzi wanavuka, hilo kwa sasa ni uwanja, na maji yanapita juu yake kama yanavyopita barabarani. Simika fito zenye alama za rangi sehemu tatu: maingilio, katikati na matokeo. Tope likifika theluthi moja ya kina, liandikie ombi la kijiko. Ukisubiri nusu, mvua itakuwahi. Kwa Kanda ya Ziwa nyakati zinazofaa ni Septemba kabla ya vuli na Februari kabla ya masika. Kwa wenzetu wa makaa ya mawe kule Ruvuma, wenye msimu mmoja mrefu unaoanza Novemba, kazi hiyo ifanyike mara moja na iwe imekwisha Oktoba. Tope lianikwe mahali palipozungushiwa tuta na ambapo maji yanayochuruzika yanarudi bwawani. Lipime kabla ya kuamua: likiwa ni udongo usio na metali, linafaa kuchanganywa na udongo wa juu kwa kufukia maeneo yaliyokwisha kuchimbwa, likiwa na metali au salfaidi, liende linakokwenda mwamba taka wa aina hiyo. Kulimwaga upande wa nje wa tuta, kama nilivyowahi kukuta, ni kulirudisha mtoni kwa gharama ya dizeli.

Mwaka jana fito yetu ya maingilio ilifika alama nyekundu katikati ya Agosti. Niliandika ombi siku hiyo hiyo, nikaambiwa vijiko vyote viko shimoni vinafuata dhahabu. Kijiko kilikuja tarehe 9 Oktoba, mvua ya kwanza ilikuja tarehe 6. Mwaka huu ombi nimeliandika Julai, nikaambatisha picha ya mto iliyopigwa tarehe 7 ya Oktoba ile, na kijiko kimeingia bwawani jana asubuhi.